Nataka kumpeleka mama Pangani akaone mto wetu unapoishia, aliyewahi kufika anisaidie

Mtoto wa Karanga

Habari zenu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Naishi Arusha, Kijenge, ila nyumbani ni Kibosho. Nna swali naomba wenye uzoefu mnisaidie maana kila nikiuliza mtaani naambiwa tu nenda Zanzibar, na Zanzibar sio ninachotafuta.

Iko hivi. Mama yangu ana miaka 64, maisha yake yote amekaa mlimani, bahari hajawahi kuiona hata siku moja. Amelima kahawa na migomba kwa maji ya mfereji, wale wa Uchagani mnajua habari za zamu ya maji, usiku wa manane unaamka na jembe na tochi unaenda kufungua banio kwa sababu zamu yako imefika na ukichelewa jirani anayageuzia kwake. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, tumekaa nje tunamenya ndizi, akaniuliza hivi haya maji tuliyogombania miaka yote hii yakitoka hapa yanakwenda kuishia wapi. Nikamwambia mama, mto Karanga unaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, pale inakutana na mto Ruvu inayotokea upande wa Ziwa Jipe, ndio unatoka mto Pangani unakwenda mpaka baharini. Akanyamaza, akamenya ndizi kama tatu hivi, halafu akasema basi nipeleke nikaone.

Sijawahi kumsikia mama anaomba safari. Akisafiri ni msiba au harusi, basi. Kwa hiyo hili nalifanya, swali ni nalifanyaje.

Tutatumia basi, gari sina. Nna kama siku 4 au 5. Mama goti la kulia linamsumbua, kupanda na kushuka ni shida kidogo. Je kutoka Moshi tunapitia wapi na tunashukia wapi, pale Pangani mjini kuna gesti za heshima ambazo mtu unalala na mzazi wako bila kelele za baa, na ukishafika mdomo wa mto unauonaje, kuna boti au unasimama tu ufukweni unaangalia? Na mji wenyewe ukoje? Asanteni sana.

Suka wa Himo

Mkuu kwanza hongera kwa kumsikiliza mama. Njia hiyo naijua, nimeendesha lori Moshi Tanga miaka mingi tu.

Chukueni basi la asubuhi la Tanga moja kwa moja, msipande la Dar eti mtashukia Segera muunganishe, na goti la mama kusimama pale Segera juani kugombania gari na mizigo sio vizuri. Kateni tiketi siku moja kabla, omba siti za mbele kushoto. Kushoto kwa sababu mkitoka Himo mkipita Mwanga, Same, Hedaru, Mkomazi, milima ya Upare na baadaye Usambara inakuwa upande huo njia nzima, ni nzuri kuangalia, na jua la asubuhi kwa sehemu kubwa milima inalizuia. Mto wenyewe uko kulia huko mbali kwenye tambarare, barabarani huuoni, ila mwambie mama ajue tu kwamba anasafiri nao sambamba. Mkifika Korogwe mnauvuka, na pale Hale mnauvuka tena, mwamshe kama kasinzia. Hale ndio maji ya kwenu yanageuzwa umeme, kituo cha Hale ni megawati 21 na chini yake kidogo New Pangani Falls megawati 68, na kule juu Nyumba ya Mungu wanatoa 8. Yaani maji yale yale yanafanya kazi mara tatu kabla hayajafika baharini.

Muheza nunueni machungwa, yamepangwa mafungu barabarani, na mafenesi kama msimu upo. Tanga mtashuka stendi ya Kange, hapo mnaulizia Haisi au Kosta za Pangani. Ni kilomita kama 50 tu. Zamani ilikuwa vumbi kiangazi na matope masika, mimi nimewahi kulala njiani hapo na mzigo wa nazi, sasa wameiweka lami sehemu kubwa. Kuna njia ya mkato ya kutokea Muheza ila ni ya vumbi, na mama achaneni nayo.

Ushauri wangu, mkifika Tanga jioni laleni Tanga, asubuhi ndio muende Pangani. Msiunganishe siku moja, kutoka Moshi mpaka Tanga peke yake ni mwendo wa kama masaa sita saba, mtu mzima anachoka.

Jiji la Chuga

Kaka mimi nilienda Pangani kikazi siku mbili, ntasema ukweli wangu, mji umelala. Saa mbili usiku kimya, nyumba za zamani zinabomoka, hamna pa kwenda. Kama mama hajawahi kuona bahari mpeleke Dar apande boti ya Unguja aone mambo, au Bagamoyo basi kuna makumbusho na kila kitu. Pangani atashangaa tu umemleta wapi. Ila samaki nilikula, siwezi kudanganya, kamba wale wakubwa nilikula mpaka basi.

Bint Mrima

Mtoto wa Karanga hujambo mdogo wangu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimeolewa huku Moshi mwaka wa kumi na moja sasa, niko Majengo. Nimesoma swali lako nimeliita familia nzima walisome, maana miaka yote watu wa huku wakiniuliza kwenu wapi nikisema Pangani wanasema aaah kule kwenye mto, basi, hakuna anayejua kwamba mto ni wa kwao.

Kaka hapo juu sikulaumu, siku mbili za kikazi huwezi kuuona mji. Ni kweli umelala, ila kwa mama wa miaka 64 mwenye goti, mji uliolala ndio unaomfaa, unatembea taratibu, hakuna bodaboda za kukukosakosa, kila mlango unaopita unasalimiwa. Na mdogo wangu nikuambie mapema, kule salamu sio ya kupita nayo. Mtu atakuuliza umeamkaje, nyumbani kwema, watoto hawajambo, mzee je, ukijibu juu juu ukaondoka wanasema huyu katoka bara. Mwambie mama asimame ajibu, atapata marafiki siku ya kwanza.

Sasa mto. Mji uko ukingo wa kaskazini, ng'ambo ya pili ni Bweni. Katikati kuna pantoni inavusha watu, baiskeli, magari, mbuzi, magunia, nauli ya mtu kwa miguu ni hela ndogo tu. Kuna daraja linajengwa la mita 525, kwenye barabara ile ya kutoka Tanga kwenda Saadani mpaka Bagamoyo, likikamilika mambo yatabadilika, kwa hiyo mimi nasema mpeleke mama apande pantoni wakati bado ipo. Simameni upande unaoangalia baharini. Pale katikati ndio utamwonyesha, nyuma yenu maji yanakuja ya kahawia yana majani na vijiti vya huko mlikotoka, mbele ni bluu, na yanapokutana kuna mstari kabisa unauona kwa macho, siku nyingine una povu. Hiyo ndio bahari inapokea mto. Nimezaliwa pale na bado nikienda nasimama naangalia.

Boti za kupanda mto zipo, ulizia gatini, watakuelekeza kwa nahodha. Usikubali wa kwanza anayekukimbilia, kaa, salimia, uliza bei, uliza boti ina jaketi za kuokolea. Nendeni jioni saa kumi hivi jua limepoa. Mnapita mikoko, halafu minazi pande zote mbili, mkiwa na bahati mnaona mamba kajianika kwenye tope, msinyooshe mikono majini huko juu. Ndege ndio usiseme.

Na kuna kitu nataka mama akione, sio kizuri ila akione. Mkipanda na mto ataona minazi mingine imebaki magogo matupu, kichwa hamna, imesimama kama nguzo za simu. Ile imekufa kwa chumvi. Marehemu babu yangu alikuwa na shamba la minazi ukingoni, nilivyokuwa mdogo tulikuwa tunateka maji ya mto pale shambani tunapikia. Babu alikuwa na desturi kila asubuhi anachota kiganja kimoja anaonja, anatema, halafu ndio anaanza kazi. Mwanzoni sikujua anafanya nini. Alikuwa anapima chumvi imefika wapi. Mto ukiwa na nguvu unaisukuma bahari nyuma, mto ukipungua maji ya bahari yanapanda juu yanaingia mpaka mashambani. Miaka ikaenda, ikafika siku babu akaonja akarudi nyumbani akasema maji ya kupikia tuchote kisimani kuanzia leo. Sisi pale hatukujua habari za mifereji ya Kibosho wala mashamba ya mpunga wala mabwawa. Tulijua tu mto unakonda.

Sisemi mama yako kosa lake, hapana, hata kidogo, mtu analima ale. Ila nyinyi mkitaka kujua maji yanaishia wapi na sisi tulikuwa tunataka kujua yanabakia wapi.

Gesti zipo, za kawaida zina neti na feni, chukueni zile za upande wa mjini karibu na mto sio karibu na stendi. Neti hakikisheni haina matundu, malaria kule ipo na mtu wa mlimani mwili wake haujazoea, mkirudi akisikia homa apime siku hiyo hiyo. Mvae kwa stara tu, kanga mama anazo. Mambo ya kula ntarudi jioni nieleze, mtoto analia.

Mkulima Kahe

Bint Mrima umenigusa dada yangu. Mimi nalima mpunga na mahindi huku Kahe, na sisi tunawalalamikia wa juu hivyo hivyo, kiangazi mfereji unafika kwetu ni tope. Wa juu anasema wa juu zaidi. Sijawahi hata siku moja kufikiria kuna mtu anaonja maji kule chini.

Ila tuweke sawa jambo moja, watu wengi wanadhani maji haya ni barafu ya Kilimanjaro inayeyuka. Barafu mchango wake ni mdogo mno. Maji yetu ni mvua inayonyesha kwenye ule msitu wa mlimani, inazama ardhini, inakuja kutokea huku chini kama chemchemi, ndio maana Chemka pale yanabubujika mwaka mzima hata kiangazi na ni meupe kabisa. Msitu ukikatwa ndio tutalia wote mpaka Pangani.

Mtoto wa Karanga mkienda mpitishe mama Chemka kwanza kama muda upo, ni hapo tu Boma Ng'ombe unaingia ndani. Aone yanapotokea, halafu aone yanapoishia.

Mwalimu Pasua

Habari za jioni wanangu. Nimestaafu kufundisha historia, nipo Pasua hapa, na nimefurahi kuona vijana mnajadili jambo la maana.

Niongeze upande wangu. Msidhani mto uliwaunganisha watu wa Pangani na wa huku kwa maji tu. Kabla ya Wajerumani, misafara ya wafanyabiashara ilikuwa inatoka Pangani inafuata bonde la mto mpaka Arusha Chini, Moshi na Umasaini, inaleta vitambaa, shanga na nyaya za shaba, inarudi na pembe za ndovu. Na watumwa pia, hilo lisifichwe. Pangani ilikuwa mji mkubwa, na kandokando ya mto huko chini kulikuwa na mashamba ya miwa yanayolimwa na watumwa. Leo miwa iko huku juu Arusha Chini, mto ule ule.

Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipokuja kupandisha bendera yake pale, watu wa Pangani walikataa. Aliyewaongoza ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa hapo hapo, na vita ikasambaa pwani yote. Serikali ya Ujerumani ikamleta Wissmann na askari wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji. Abushiri alikamatwa akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani akaendelea kupigana mpaka mwaka uliofuata. Zelewski, yule Mjerumani aliyepandisha bendera kwa kiburi pale Pangani, ndiye Wahehe walimmaliza Lugalo mwaka 1891. Wanafunzi wangu walikuwa wanajua Lugalo ila hawajui kwamba ilianzia wapi.

Mji ulianguka kwa sababu mdomo wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa haziingii, Wajerumani wakachagua Tanga. Reli ikaanza Tanga 1893, ikafika Mombo 1905, ikafika Moshi 1911. Siku treni ilipofika Moshi, njia ya misafara ya Pangani ikafa. Kwa hiyo mwanangu uliyesema mji umelala, ujue ni stesheni yetu hapa Moshi iliyoulaza.

Na mkatani. Hiyo katani yote mtakayoiona njiani ililetwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, ikitokea Florida, miche iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto hapo hapo Pangani. Kutoka miche 62 nchi hii ikaja kuongoza dunia, miaka ya 1960 tulikuwa tunatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mkiwa Pangani angalieni Boma la zamani, lilijengwa wakati wa Waarabu wa Omani, Wajerumani wakalifanya ofisi yao, milango yake ya nakshi mguseni kwa mkono. Njiani kabla ya kufika mkishukia Tongoni kuna makaburi ya kale zaidi ya 40, mengine yana nguzo ndefu. Ila kwa goti la mama sitawashauri mshuke na mizigo.

Mtoto wa Karanga

Nimekosa la kusema. Shikamoo mwalimu, shikamoo dada Bint Mrima. Mama nimemsomea yote kwa simu, ile ya babu kuonja maji amenifanya niirudie mara mbili.

Nauliza jamani hicho kisiwa cha Maziwe watu wanachokitaja kinafaa kwa mtu wa goti? Na tarehe ina uzito wowote?

Bint Mrima

Tarehe ina uzito sana mdogo wangu, kule hatuangalii kalenda tunaangalia mwezi. Maziwe sasa hivi ni fungu la mchanga tu, zamani kilikuwa na mivinje na kasa wanakuja kutaga kwa wingi, kikawekwa hifadhi mwaka 1981 na miti ilikuwa imeshaanza kuliwa na bahari, yote ikaisha. Maji yakijaa kinazama chote. Kwa hiyo unakwenda maji yakipwa, na uzuri zaidi ni wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanatoka mbali na mchanga unaonekana mkubwa. Mkienda maji mafu, mwezi nusu, mtakuta kipande kidogo na muda mfupi. Na kupanda boti ya baharini ni kuingia majini mpaka magotini kwanza, mama huyo sina uhakika, labda vijana wambebe, kule kumbeba mzee sio aibu ni adabu.

Chakula nilisahau. Asubuhi vitumbua na mkate wa kumimina, mihogo ya nazi. Mchana wali wa nazi na kamba, au mchuzi wa papa kama anaweza harufu. Msile hotelini kila siku, muombeni mwenye gesti awaonyeshe mama anayepika nyumbani. Msiende masika Machi mpaka Mei, na Januari Februari joto la kaskazi mtu wa Kibosho atapata shida. Juni mpaka Septemba kusi inavuma kunakuwa kumepoa, ila baharini mawimbi.

Mtoto wa Karanga

MREJESHO. Wakuu tumerudi juzi, nilisema ntaandika nikitulia.

Tulienda mwishoni mwa Juni. Siti za mbele kushoto tulipata, Suka Mungu akubariki. Mama hakulala hata dakika moja njia nzima, Korogwe nilimwonyesha mto akasimama kwenye siti goti na yote, konda akamwambia mama kaa, akasema subiri kwanza nauangalia. Hale hivyo hivyo.

Tulilala Tanga, kesho yake saa nne tuko Pangani. Gesti tulipata ya karibu na mto, elfu 30 chumba vitanda viwili na chai. Kulikuwa na gari moja lilitutoza nauli ya mizigo ambayo haipo na kijana wake akawa na lugha mbaya kwa mama, iliniuma, ila wenyeji waliokuwa ndani ya gari ndio waliotutetea mpaka hela ikarudi.

Pantoni tulivuka mara nne siku ya kwanza. Sio kwamba tulikuwa na shida ng'ambo, mama alitaka tu. Mara ya kwanza alishika chuma hakusema kitu. Maji yalikuwa yanatoka, mstari aliousema dada tuliuona vizuri kabisa, kahawia huku bluu huku, na kuna kipande cha mgomba kilikuwa kinaelea kinapita, gome la mgomba lile la nje, mama akaninyooshea kidole, akasema kile ni cha kwetu. Nikamwambia mama migomba ipo hata huku. Akasema wewe nyamaza, kile ni cha kwetu. Mzee mmoja alikuwa amesimama na baiskeli ana kikapu cha samaki akamuuliza mmetoka wapi bibi, mama akasema Kibosho, huko mto unakoanzia. Yule mzee akaegesha baiskeli, akavua kofia akampa mkono, akasema basi nyinyi ndio wenyewe. Wakaongea mpaka pantoni ikafika, ikageuka, ikarudi, na sisi bado tumo. Alimuuliza mvua huko zimenyeshaje mwaka huu. Mama akamweleza mwezi kwa mwezi, na yule mzee anatikisa kichwa analinganisha na alivyoona mto.

Pale ngazi za gatini mama aliinama kwa shida nikamshika, akachota kiganja akaonja kama yule babu. Akatema. Akaniangalia akasema chumvi tupu. Kidogo alikuwa kama amehuzunika, nikamweleza kwamba ni mdomoni hapa, lazima iwe chumvi, bahari ipo pale. Kesho yake jioni tulipopanda mto na nahodha, akawa anamwomba nahodha kila baada ya kona asimamishe achote kwa kopo aonje. Nahodha mwanzoni hakuelewa, alivyoelewa akawa anasimamisha mwenyewe bila kuambiwa. Tulipita ile minazi iliyokufa. Mingi kuliko nilivyodhani. Mama aliihesabu upande mmoja tu akaachia arobaini na kitu. Tulikwenda mpaka jua linataka kuzama ndio akaonja akasema haya, hapa sasa ni maji. Nahodha akasema zamani hapa ulikuwa huna haja ya kuja, ulikuwa unayapata kule chini kule tulikoyapita nusu saa nyuma. Tuliporudi giza lilikuwa limeingia na mama hakuongea njiani.

Mama aliyetupikia alimfundisha kuchuja tui. Nazi tunanunua Arusha lakini mama hajawahi kukaa kwenye mbuzi akakuna mwenyewe, na kile kifumbu cha ukili cha kukamulia alikuwa hajakiona. Tui la kwanza zito linawekwa pembeni, la pili jepesi ndio linachemshia wali, zito linaingia mwisho. Mama akamfundisha mtori na yeye. Ndizi za pale walizopata hazikufaa sana kwa mtori ila walikula wote na watoto wa nyumba ile. Wamepeana namba, na nimesikia asubuhi hii mama anaongea naye kwenye simu wanaulizana mvua.

Bahari yenyewe, nilidhani ndio atashangaa zaidi. Alisimama kwenye ule ukuta wa kuzuia mawimbi akaangalia, akasema ni kubwa, akauliza kama tunarudi pantoni.

Boma tumeliona, milango tumeishika mwalimu. Kikogwe hatukufika. Maziwe hatukuenda, mwezi ulikuwa nusu na kusi ilikuwa inavuma kweli kweli, nahodha mwenyewe alikataa na nilimheshimu kwa hilo.

Jana mama kaenda kwenye kikao cha mfereji. Kaka yangu alikuwepo, anasema alisimama akawaambia wenzake kuna mzee Pangani anauliza habari zenu. Wengine walicheka, wengine wakauliza mzee gani. Anataka mwakani aende na mwenyekiti wa mfereji pamoja na kina mama wawili, kwa hiyo Bint Mrima dada yangu naomba unisaidie kuangalia bamvua ya Septemba mwakani iko tarehe ngapi, na kama ndugu zako wa kule watakuwa na nafasi ya kupokea watu watano, wanne wana magoti.

Bint Mrima

Nimesoma nimelia hapa sokoni watu wananiangalia. Nafasi ipo. Tarehe ntakutumia leo nikishaongea na kaka yangu, na muambie mama aje na ndizi za kwenu za mtori, nyumbani wanazisubiri.